Mgongo wa Mkwe wa Mwadhini

Vijana wangu mnaovaa makoti meupe yaliyopigwa pasi, nimesikia mnaniita "Mzee Aspirini". Sikatai. Nilipoanza udresa, kazi ya kufunga vidonda na kugawa dawa, miaka michache baada ya Uhuru, katika zahanati ndogo kati ya Gazi na Msambweni, kabati langu lilikuwa na aspirini, klorokwini, mistura ya kikohozi na ile dawa ya vidonda ya rangi ya zambarau ambayo haikunitoka vidoleni mpaka nilipostaafu. Mgonjwa wa mistura alikuja na chupa yake mwenyewe. Siku moja nilimjazia bwana mmoja dawa katika chupa iliyokuwa ya mafuta ya taa, sikuinusa, naye akarudi kesho yake akisema kikohozi kimetulia ila anaogopa kukaribia jiko. Tangu siku hiyo nilinusa kila chupa. Nawaambieni mapema ili mjue anayewafundisha ni mtu wa namna gani.

Ninalotaka kuwaachia ni habari ya mgongo mmoja. Nilikosea juu ya mgongo huo mara tatu, na kosa la tatu lilileta jeneza la msikiti mlangoni kwa mtu aliye hai.

Mwenye mgongo aliitwa Salimu. Umri wake haukupita miaka ishirini na minne, kazi yake mkwezi, akiangua nazi katika mashamba ya watu. Alikuwa amemwoa Mwanasha, binti wa Mzee Kasimu, na Mzee Kasimu ndiye aliyekuwa mwadhini wa msikiti wetu. Mtu mwembamba, msafi, mwenye sauti iliyofika mpaka kwenye mikoko, na aliyeamini kwamba maovu yote ya dunia huanzia kwa mtu anayelala jua likachomoza.

"Daktari," Salimu aliniambia, maana watu walituita hivyo na sisi hatukuwasahihisha, "mgongo waniuma, hapa chini kiunoni. Tena maumivu yahama. Leo tako la kulia, kesho la kushoto."

Nikamwuliza kama ameanguka mnazini. Hakuanguka. Nikamwuliza kama amebeba gunia. Hakubeba. Hapo ndipo ningemwuliza swali moja dogo: mgongo huu wauma lini? Sikumwuliza. Kila mgongo niliokuwa nimeuona ulikuwa wa mpagazi wa magunia, na dawa niliyoijua ilikuwa moja. Nikampa aspirini na amri: nenda kalale mwezi mzima, usifanye kazi, usiinuke ila kwa haja. Nikajiona bingwa kweli kweli.

Salimu alikuwa mtu mtiifu, na utii wake ndio uliomponza. Alilala mwezi mzima juu ya kitanda cha kamba kilichobonyea katikati hata mtu akilala humo magoti humkaribia kidevu. Aliporudi zahanati alikuwa anatembea ameinama mbele kama mtu anayetafuta senti aliyoiangusha. Nikamwambia labda hakulala vya kutosha. Mungu anisamehe.

Sasa mjue hali ilivyokuwa nyumbani kwake. Asubuhi Salimu hakuweza kuinuka. Mwanasha alimbingirisha ubavu, akamshusha miguu, akamvuta mikono, kazi ya nusu saa na zaidi. Akishasimama alitembea uani huku ameshika ukuta. Kufika saa tatu mwili ulianza kulegea, na kufika adhuhuri Salimu alikuwa juu ya mnazi anaangua nazi, kwa sababu mwezi wa kulala ulikwisha na chakula kilitakiwa. Asubuhi aliiona Mwanasha peke yake. Adhuhuri iliiona dunia nzima, na katika hiyo dunia alikuwamo baba mkwe.

Siku moja Mzee Kasimu alikuja zahanati, kanzu nyeupe, bakora mkononi. Tukasalimiana kwa kirefu, akauliza habari za kila mtu wa nyumbani kwangu mpaka kuku, kisha akaketi.

"Dresa, wewe ni mtu wa serikali. Nataka karatasi."

"Ya nini, Mzee wangu?"

"Ya huyu mkwe wangu. Alfajiri naadhini, wazee wenye miguu mibovu waja, vipofu waja, yeye haji. Adhuhuri napita njia, namwona juu ya mnazi. Ni ugonjwa gani huo unaopona jua likipanda?"

Nilicheka. Nawaambia kweli, nilicheka.

"Na kiburi," akaendelea. "Nampitia ubavuni, nakohoa ili anipe shikamoo yangu. Hageuzi shingo. Akitaka kunitazama ageuka mzima mzima kama mlango. Mimi, baba mkwe wake. Na msikitini akija Ijumaa, rukuu yake ni ya mtu anayechungulia dirishani."

"Labda ni mgongo, Mzee."

"Na macho je? Macho ni mgongo? Jicho jekundu, Dresa, jekundu kama pilipili iliyoiva. Huko juu ya minazi kuna vibuyu vya wagema, na mimi sikuzaliwa jana." Akapiga bakora chini. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Huyu alitaka binti yangu, na kuinama hataki. Jumatatu nakwenda Kwale kwa kadhi, Mwanasha arudi kwetu. Nataka karatasi ya serikali isemayo kwamba huyu mtu hana ugonjwa."

Mvivu, mwenye kiburi, mlevi. Nilimjua Salimu kuwa si mlevi, lakini mbele ya mwadhini mwenye bakora ujuzi wangu uliyeyuka. Nikachukua karatasi, nikaandika kwamba Salimu mkwezi nimempima nami sikuona ugonjwa, nikapiga muhuri. Nikapiga tena wa pili, kwa sababu muhuri ulikuwa mpya na niliupenda.

Hilo lilikuwa kosa la pili, na ilikuwa Jumanne.

Jumatano ilikuwa siku ya daktari. Alikuja mara moja kwa mwezi na gari la serikali, mtu wa bara, hodari sana, ila salamu zake zilikuwa fupi hata wagonjwa wengine walidhani amewakasirikia. Tulikuwa tumefika katikati ya foleni Mwanasha alipoingia anamwongoza mumewe kama kipofu, leso yake amemfunika kichwa chote. Alimfunua, Salimu akajikunyata kwa sababu ya mwanga. Jicho moja lilikuwa jekundu kuizunguka mboni, machozi yanatiririka.

"Wewe, hii jicho inauma ama inawasha tu?" daktari akauliza.

"Yauma, bwana. Mwanga ndio wanichoma."

Daktari alilitazama jicho kwa muda mrefu. Kisha, badala ya kuuliza tena juu ya jicho, akauliza kitu kilichonishangaza.

"Na mgongo? Uko na shida ya mgongo?"

Salimu na Mwanasha wakatazamana.

"Inakuwanga mbaya asubuhi ama jioni?"

"Asubuhi, bwana. Naamka kama gogo. Nikitembea, nikakwea mnazi mmoja au miwili, mwili walegea. Nikikaa kitako, yale yale yarudi."

"Na kulala inasaidia?"

"Kulala ndiko kunakoniua, bwana."

"Sasa nani alikuambia ulale?"

Mimi nilikuwa nimeshika trei ya sindano. Salimu alinigeukia, mzima mzima kama mlango, akanitazama kwa jicho lake zima, kisha akamgeukia daktari. "Nimesahau, bwana," akasema.

Katika miaka yangu yote ya kazi sijapata kustahiwa na mtu kama nilivyostahiwa siku hiyo, na sijapata kuona haya kama nilivyoona.

Daktari akamsimamisha Salimu ukutani, visigino vinagusa ukuta, matako yanagusa, akamwambia aguse ukuta kwa kisogo bila kuinua kidevu. Kisogo hakikufika. Daktari akaniamuru nipitishe vidole kwenye ile nafasi, vikapita vitatu. Akaniambia nisimame mimi. Kichwa changu kiligonga ukuta, kwa jinsi kilivyokuwa kitupu.

Kisha alinieleza, nami nawaelezeni ninyi. Kuna mgongo unaouma kwa kazi, na kuna mgongo unaouma kwa moto wa ndani. Huu wa pili hauletwi na gunia. Kinga ya mwili, ile inayopaswa kupigana na vijidudu, huwasha moto pale uti wa mgongo unapoungana na nyonga, na kutoka hapo hupanda juu pingili kwa pingili. Huanza mtu akiwa kijana, kidogo kidogo, hudumu miezi na miaka, humwamsha usiku wa manane, hupoa akijitingisha na huchachamaa akipumzika. Moto ukikaa sana, mifupa huota madaraja na kushikana, mgongo ukawa kitu kimoja. Huweza kushika mbavu, kifua kikashindwa kupanuka. Huweza kushika visigino. Na huweza kurukia jicho, na jicho la namna hiyo halingoji kesho, maana mtu aweza kupofuka.

"Jina yake ni spondilaitisi," daktari akasema. "Kitabu yangu inasema watu wetu hawapatangi sana. Lakini hii mgongo haikusoma hiyo kitabu."

Akampa matone ya jicho, aspirini za kumezwa baada ya kula, na amri iliyokuwa kinyume kabisa cha yangu: asilale mchana, atupe kitanda cha kamba, alale juu ya mbao na mkeka, kila siku alale kifudifudi kidogo, ajinyooshe asubuhi na jioni. Mimi akaniambia nipime kifua chake kwa futi, akivuta pumzi na akiitoa, nimwandikie inchi ngapi. Ndipo nikamwungamia habari ya karatasi. Hakunigombeza. Alisema tu kwamba niliyeiandika ni mimi, basi na kuifuta ni kwangu.

Alhamisi nilikwenda kwa Mzee Kasimu kuiomba ile karatasi. Alikuwa ameikunja ndani ya kitambaa pamoja na nauli yake ya kwenda Kwale.

"Jumanne hana ugonjwa, Alhamisi ana ugonjwa wenye jina la Kizungu," akasema. "Muhuri ni muhuri, Dresa. Tena ipo miwili."

Sikulala vizuri. Ndoa ya watu ilikuwa inavunjwa kwa mwandiko wangu.

Ijumaa asubuhi, basi, nikaenda kumpima Salimu kifua. Zahanati haikuwa na futi ya utepe, nikapita kwa fundi cherehani kuazima ya kwake. Fundi akauliza ni ya nini. Nami kwa haraka nikajibu, "Nakwenda kumpima Salimu," nikashika njia. Vijana, ukiwa mtu wa zahanati usiseme neno kama hilo kwa fundi anayeuza pia bafta ya sanda.

Nilimkuta Salimu amelala mkekani, asubuhi ndiyo iliyokuwa mbaya kwake, hajaanza kulegea. Mwanasha alikuwa ameketi kando, analia kwa sababu ya Jumatatu. Nikamzungushia futi kifuani. "Vuta pumzi," nikamwambia, "sasa izuie, usitikisike." Salimu, mtu wa utii, akaizuia. Akafumba macho, kwa sababu ya lile jicho. Wakati huo huo jirani yao mmoja, aliyekwisha kusikia kwa fundi kwamba dresa amekwenda kumpima Salimu, akachungulia dirishani. Akaona mtu amenyooka mkekani, macho yamefumbwa, kifua hakiendi, dresa ana futi, mke analia.

Kilio alichopiga kilinifanya nianguke juu ya mgonjwa.

Mwanasha alijaribu kutoka nje kueleza, lakini kutoka na machozi usoni hakukusaidia, wanawake walimkumbatia wakamketisha chini, na kila aliposema "yu hai" walizidi kumhurumia. Mimi nilikuwa natafuta miwani yangu chini ya mgonjwa. Haukupita muda nikasikia miguu mingi. Jeneza la msikiti lilikuwa limefika mlangoni, limebebwa na wanaume wanne, na mbele yao Mzee Kasimu bila kofia, bila bakora, ndevu zimelowa.

"Mkwe wangu," alikuwa akisema kwa sauti ile ile iliyofika mikokoni. "Mwanangu. Nilimwita mlevi, ya Rabi. Nilimwita mvivu, kumbe mtu alikuwa anakufa."

Akaingia ndani, akapiga magoti mkekani, akamshika Salimu uso kwa mikono miwili.

"Shikamoo, Baba," Salimu akasema.

Mzee aliruka nyuma akaketi juu ya sufuria. Hakuna aliyecheka, walau si hapo. Nami nikaona kwamba nafasi kama hii haitarudi, nikamwomba aketi hapo hapo, asiondoke, atazame tu jinsi mkwe wake anavyoamka. Nikamwita Mwanasha. Akambingirisha mumewe ubavu. Akamshusha. Akamvuta. Salimu alikuwa anauma meno, jasho linamtoka, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Ilichukua muda mrefu.

Alipokwisha kusimama nikawasimamisha wote wawili ukutani, mkwe na baba mkwe. Kisogo cha Mzee kiligusa ukuta. Cha Salimu hakikugusa. Nikamshika Mzee mkono, nikapitisha vidole vyake mwenyewe katika ile nafasi.

"Kiburi ndicho hiki," nikamwambia. "Shingo haigeuki, Mzee. Na jicho ni ugonjwa ule ule. Aliyekosea ni mimi, kwa mihuri miwili."

Akavitoa vidole, akavitazama. Akaingiza mkono katika kanzu, akaifungua ile karatasi, akaichana vipande vidogo mno, akavitia mfukoni ili asichafue nyumba ya mwanawe. Kisha akawatokea wale wanaume wanne akawaambia jeneza lirudi, na mwenye kutaka kucheka acheke akifika kwake.

Tangu siku ile Mzee Kasimu akawa dawa ambayo sikuwa nayo kabatini. Kila siku kabla ya alfajiri, akienda msikitini, alipita kwa Salimu mapema kabisa, akamwamsha, wakazunguka uani, wakatupa mikono, wakajinyoosha ukutani, hata wakati wa swala ukifika mtu amelegea. Rukuu alimwinamisha kidogo kidogo kwa mwezi mzima, mkono wake mgongoni kwa Salimu, "bado, bado, hapo." Nilipomwambia kifua nacho chataka mazoezi ya pumzi ndefu, macho yalimng'aa. Akaanza kumfundisha kuadhini.

Sauti ya Salimu, Mungu amhifadhi, ilikuwa mbaya. Walifanyia mazoezi mbali, katikati ya mashamba ya minazi, lakini upepo hauna adabu. Siku moja ya mawingu bwana mmoja aliyekuwa amefunga sunna alisikia adhana saa kumi na moja kasoro, akafuturu kwa mihogo na chai, akaja zahanati kunishtaki mimi. Lakini kifua kilichokuwa hakitimizi inchi moja kilipanuka kwa inchi mbili na zaidi. Nilipima mwenyewe, kwa futi yangu niliyonunua, mlango wazi, baada ya kuwatangazia majirani.

Si kwamba alipona. Ugonjwa huu hautoki, ila hutulizwa, ukalala na kuamka. Vilipokuja vidonge vyenye nguvu kuliko aspirini alivitumia, na nyinyi leo mna sindano za kuuzima ule moto, na picha za sumaku zinazouona kabla mifupa haijashikana. Miaka ilivyokwenda shingo yake ilikaza, akaacha kukwea, maana mgongo ulioshikana huvunjika upesi mtu akianguka. Na mimi sikugeuka bingwa. Alikuja Bi mmoja wa Funzi, mgongo wa asubuhi vile vile, ngozi ya viwiko ina magamba, nikamrudisha mara mbili kwa kuwa niliamini huo ni ugonjwa wa wanaume. Kumbe ndugu za ugonjwa huu ni wengi, mmoja huandamana na magamba ya ngozi, mwingine na ugonjwa wa matumbo, na wanawake huupata. Basi ulizeni swali lile dogo, wauma lini, kisha subirini jibu. Kuuliza si ujinga.

Mzee Kasimu alifariki akiwa mkongwe sana. Nilikuwa nimestaafu. Makaburini, wakati wa kushuka kumpokea maiti, vijana wawili walikunja kanzu, na Salimu naye akakunja. Nikamshika mkono nikamwambia awaachie wenye migongo mizima. Akanigeukia mzima mzima, kama kawaida yake.

"Niache, Dresa," akasema.

Akashuka. Pale chini ya kaburi, kwenye mwanandani, ule upenyo wa kumlazia maiti, pana nafasi ndogo, na asiyeinama hawezi kumlaza mtu. Nilimwona akikunja magoti, kisha nyonga, polepole, kama alivyofundishwa, bado, bado, hapo, mpaka mikono yake ikafika chini kabisa, akamlaza baba mkwe wake ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla. Vijana walimpandisha Salimu juu, amejaa mchanga. Mimi nilikuwa nalia mbele za watu bila kujificha. Akasimama mbele yangu akijipangusa mikono.

"Miaka yote ile alinikunja kila alfajiri," akaniambia, "na leo ndiyo nimejua alikuwa akinikunjia nini."